Kimya cha Fundi Bethuel

Makofi ya kwanza Bethuel aliyowahi kupigiwa katika nchi ya Uswidi alipigiwa kwa kunyamaza. Ilikuwa Oktoba ya mwaka themanini na tano, katika ukumbi wa wapangaji wa Vårby gård, chini ya bango linalowakataza watu kuegemeza baiskeli ukutani. Wakimbizi wa Uganda walikuwa wamejaa humo mpaka vioo vya madirisha vikatoka jasho. Shauri lilikuwa moja tu: vijana wa msituni, wanaopigana na serikali huko kwao, wanabeba risasi ndani ya soksi na mifuko ya sukari, na aibu hiyo lazima iishe.

Msemaji alikuwa Ssemakula. Kwao alikuwa mwalimu mkuu wa shule yenye bendi. Hapa alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja mjini, lakini ile sauti ya mwalimu mkuu alivuka nayo mpaka, na wenzake wa jikoni waliapa kwamba akiguta, sahani zinajipanga zenyewe kwa ukubwa. Alizungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuipenda hata chembe. Kwao ilikuwa lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani anayekuuliza kitambulisho huku anakutazama saa mkononi. Lakini ukumbini walikuwamo watu wa Mbale, wa Gulu, na hata Watanzania waliokuja kuunga mkono, kwa hiyo alikitumia kama mtu anayevaa viatu vya kuazima.

Aliinua juu kizibao cha turubai chenye mifuko minne kifuani.

"Sampuli ndiyo hii. Turubai tunalo, mali ya jeshi la hapa hapa, wanaliuza kama viazi. Tulichokosa ni mkono wa kushona. Na mkono huo Mungu ametupa. Umekaa pale nyuma, karibu na bomba la joto."

Watu wakageuka. Pale nyuma alikaa Bethuel, mtu mrefu, mwembamba, asiye na meno mawili ya mbele. Mchana alitia viraka mashuka ya hospitali. Jioni alipunguza suruali za nusu ya Waafrika wanaopanda treni ya mstari mwekundu. Nyumbani kwake alikuwa na cherehani kubwa ya umeme ya kushonea mahema, aliyoipata kiwanda kimoja kilipofungwa. Wanaume wanne waliipandisha mpaka ghorofa ya sita, na lifti ya jengo lile haijapona hadi leo.

"Fundi Bethuel," alisema Ssemakula, "umma unakukabidhi kazi. Una neno?"

Bethuel akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa, akafumba macho.

Alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale ambao dini yao inawakataza kushika silaha, vita viwe vya haki au vya dhuluma. Upande wa Mbale, Marafiki huimba mpaka bati linalegea misumari. Lakini alipofika Stockholm na kuwatafuta Marafiki wa huku, alikuta Wazungu wachache wamekaa duara chumbani, kimya kabisa, saa nzima. Jumapili ile ya kwanza alidhani wamefiwa, akalia nao kwa adabu mpaka wakampa chai. Baadaye akaelewa, na akapenda. Jambo zito likiletwa mbele yako hulirukii kwa mdomo. Unakaa nalo mpaka neno lije. Na kwa Marafiki, mmoja akiwa bado hajatulia, shauri halipiti. Wote wanamngoja.

Ssemakula hakuwa Rafiki. Alimngoja Bethuel kama mtu anayengoja taa ya kuvukia barabara.

"Kimya ni kukubali," alisema. "Makofi!"

Bethuel alipofumbua macho, neno likiwa limefika, watu walikuwa wamesimama, akina mama wanapiga vigelegele, na mkewe Babirye analia kwa furaha, kwa kuwa miongoni mwa vijana wa msituni alikuwamo Kato, pacha wake. Bethuel akalisema neno lake. Lilikuwa "siwezi". Likamezwa na vigelegele, na hakuna aliyelisikia isipokuwa yeye na bomba la joto.

*

Jumamosi mizigo ya turubai ikaletwa. Ssemakula aliishika mbele, nyuma akaishika Thomas, Mtanzania, dereva wa treni ya chini ya ardhi, aliyekuwa askari katika vita vya mwaka sabini na tisa na hajaacha kuvipigana tangu hapo.

"Msitue, Mwalimu," alisema Bethuel mlangoni. "Mzigo urudi."

"Urudi wapi?"

"Ulikotoka. Mimi sikukubali."

"Ulinyamaza mbele ya umma mzima!"

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini? Basi?"

"Neno."

"Na limekuja?"

"Limekuja. Nitashona suti, nitashona shuka, hata sanda nitashona. Cha kuwekea risasi sishoni."

Thomas alitua upande wake wa mzigo, kishindo kikatikisa vikombe vya jirani. "Bwana wee! Mimi nilitoka Mutukula hadi Kampala kwa miguu nikiwatoa nyinyi mdomoni mwa mamba. Vidole viwili vya mguu nimeviacha kwenu, vimezikwa Masaka, sijui kama hata msalaba viliwekewa. Leo wewe mwenye nchi, mfuko tu unakushinda?"

"Pole kwa vidole, Bwana Thomas."

"Sitaki pole. Nataka mfuko!"

Babirye alitoka jikoni na sinia la chai. Alikuwa amevaa gauni la kwendea kanisani, kwa heshima ya wageni. Akamtazama mumewe, akaitazama mizigo iliyoziba mlango, akaelewa.

"Baba Eseza," alisema polepole. "Sema unatania."

"Ungeniuliza kwanza, Mama Eseza."

"Nikuulize? Ulikaa pale kama sanamu, watu wakakushangilia, mimi nikashikwa mikono na akina mama wote wa Luweero, wenye wana msituni. Nikuulize nini tena?"

Ssemakula alijikaribisha kwenye kochi, akachukua kikombe. "Mwacheni. Tunamjua. Mbale askari walimpa bunduki, akairudisha kwa adabu, wakamvunja meno. Fundi, meno yako uliyatoa bure. Ungeishika ile bunduki, leo ungekuwa unatafuna nyama."

"Machela nitashona," Bethuel alisema. "Machela za kubebea majeruhi. Kwa turubai hili hili, mpaka liishe. Sitaki malipo."

Ssemakula hakunywa. Alikirudisha kikombe kwenye sinia taratibu, kama mwalimu anayeweka chaki chini kabla ya kumchapa mtu.

"Kwa hiyo shemeji yako unangoja apigwe kwanza, ndipo umsaidie."

Hata Thomas alitazama kwingine. Bethuel akainamisha kichwa, akafumba macho.

"Aa, Bi Harusi ameanza," alisema Thomas. "Mwali akiinama hivyo kwetu tunaleta mahari."

"Msijisumbue," alisema Babirye. "Akifumba macho, hapatikani. Acheni mzigo. Nitashona mimi."

*

Jina likashika. Kuanzia siku hiyo Bethuel akawa Bi Harusi, kuanzia Vårby gård mpaka Fisksätra, ambako hata waliomwita hivyo hawakuwahi kumwona. Akiingia katika treni, mtu humpisha kiti: "Kaa, Bi Harusi, usije ukachafua shela." Watu waliacha kumletea suruali. Walipendelea kuzikunja kwa pini kuliko kushonewa na mwoga. Katika chakula cha mwezi cha chama, Babirye na binti yao Eseza waliwekewa sahani. Mbele ya Bethuel pakawekwa kijiko peke yake.

Halafu yakaja ya chumba cha kufulia. Kila mwenye nyumba katika majengo yale ana zamu yake ya mashine huko chini, na Mswidi anaweza kukusamehe kumuua ng'ombe wake lakini si kugusa zamu yake. Siku ya zamu yake Bethuel aliteremka kuzitoa nguo zake akakuta mashine tupu. Nguo zake mbichi zilikuwa nje, zimetundikwa kwenye vyuma vya baiskeli. Baridi ya mwaka ule mtu alikuwa akitema mate yanagonga chini kama shanga, na suruali zilikwisha kuganda zimesimama wima zenyewe, moja imekunja goti. Bibi mmoja wa Kiswidi, akipita na mbwa, alizisalimia. Hazikumjibu, naye hakushangaa, maana majirani wa pale nao hawajibu.

Bethuel alizibeba kwapani kama mbao, akapanda nazo. Mlangoni alikutana na Eseza, ametoka shule.

"Pappa, är du feg?" mtoto aliuliza.

Kama yeye ni mwoga. Aliuliza bila ubaya, kama anayeuliza baba yake ana umri gani.

"Nani amesema?"

"Alla," alisema Eseza. Wote.

Babirye alikuwa pale pale sebuleni, ameinamia cherehani. Hakuinua kichwa kusema mtoto amekosea.

*

Ile mashine haikumpenda Babirye. Alijua kushona, lakini kwa cherehani zile za miguu, za kushonea vitambaa vya mapazia. Hii ilikuwa inanguruma, inakula turubai na kulitapika limejikunja. Alivunja sindano moja baada ya nyingine, na Bethuel akaketi ng'ambo ya meza akimenya viazi, akisikia kila moja inavyolia.

"Sindano ipi inafaa?" aliuliza mchana mmoja wa Jumapili.

"Usiniulize, Babirye."

"Mkanda umelegea. Nikazie."

"Hapana."

"Uzi umetoka. Macho yangu yamechoka. Nitungie tu."

Bethuel alisimamisha kisu.

"Hata uzi?" alisema Babirye.

"Hata uzi."

Babirye alicheka kwa pua, akalamba uzi, akautunga mwenyewe, akakanyaga kwa hasira. Mashine ikaruka. Sindano ikapita katikati ya kucha ya kidole chake cha shahada na kukigandisha kwenye turubai.

Viazi vilimwagika. Kabla hajamaliza kupiga yowe, Bethuel alikuwa amekwisha kung'oa waya ukutani, ameshika gurudumu la mashine, analirudisha nyuma polepole, unywele kwa unywele, mpaka sindano ikatoka yote bila kubakiza ncha. Akamwosha, akamfunga kwa utepe wa shuka, na fundo alilifunga kwa juu lisimkere.

"Mikono yako mizuri," alisema Babirye. "Ndicho kinachoniua. Ungekuwa hujui kazi, ningevumilia."

"Nisikilize..."

"Nisikilize mimi. Mimi na Kato tumelala tumbo moja. Akifa kwa kuwa mkono wake ulikuwa unahangaika na mfuko wa sukari, nitamchukua Eseza na hutaniona. Na usije ukatutafuta na hicho kimya chako."

"Na akiua?"

"Nini?"

"Hiyo risasi inatoka mfukoni kwenda kwa nani? Na huyo naye ana pacha."

Babirye alimzaba kofi kwa mkono mzima. Halafu alichomeka waya, akaketi, akaendelea kushona na kidole kikiwa kimesimama pembeni kama mgeni asiyejua akae wapi. Tangu siku hiyo alilala chumba cha Eseza. Vizibao alivimaliza kabla ya Krismasi, vimepinda, vina mishono minene kama makovu. Ssemakula alikuja kuvichukua, akavihesabu kwa sauti ili Bethuel asikie.

"Sasa tumemjua mwanamume wa nyumba hii," alisema, akampa Babirye mkono.

*

Mwishoni mwa Januari Kampala ikachukuliwa na watu wa msituni. Habari ilifika Vårby gård asubuhi, na mpaka adhuhuri ngoma zilikuwa zinalia katika theluji mbele ya kituo. Watu walivua makoti wakacheza. Mvuke ulipanda juu yao mpaka, wasemavyo waliokuwepo, helikopta ya zimamoto ikapita kuangalia. Thomas alipiga honi ya treni kutoka Slussen mpaka mwisho wa njia, na barua ya onyo aliyopewa kazini aliitia fremu.

Bethuel naye aliteremka. Alikuwa amefurahi kweli, maana vita vikiisha hata asiyepigana anapumua. Alibeba bakuli la maandazi. Watu walimwachia nafasi pande zote, kama mtu aliyepakwa rangi mbichi, na maandazi yakapoa mikononi mwake.

"Vita vimekwisha!" Ssemakula alipaza sauti juu ya benchi. Kisha akainama kwa Babirye. "Kato wako atapewa ofisi Kampala. Yenye zulia. Nitalisimamia mimi mwenyewe."

Siku hiyo hiyo Babirye alitoa masanduku juu ya kabati. Alikunja nguo zake na za Eseza. Za Bethuel alizisogeza upande.

Kato mwenyewe alipiga simu katikati ya Februari. Simu ilikuwa ukumbini mwa nyumba, juu ya boksi la viatu vya Eseza kwa sababu meza ilikuwa haijanunuliwa, na Babirye alipiga magoti akaishika kwa mikono miwili. Sauti ya pacha wake ilikuwa imezeeka kumpita.

"Vizibao mlipata?" Babirye alipiga kelele.

"Vizibao gani?"

"Vya turubai! Vyenye mifuko minne!"

"Dada, mimi nimeingia Kampala na risasi ndani ya buti la mvua nimelifunga shingoni. Vizibao tungevipata wapi?"

Babirye alihamishia simu sikio la pili. "Haidhuru. Na hiyo ofisi umeshapewa?"

Kato akacheka. Hakikuwa kicheko Babirye alichokijua. "Niko kwenye lori. Tunaelekea kaskazini. Huko ndiko kwenye kazi sasa."

"Lakini vita vimekwisha!"

"Nani kakwambia?"

Simu ikakatika. Babirye alibaki kwenye magoti. Bethuel, aliyesikia yote kutoka mlango wa jikoni, alikuja akasimama karibu naye, akainamisha kichwa.

"Usiombe hapa," alisema Babirye. "Nenda kaombee kwa Wazungu wako."

Masanduku yalibaki wazi sakafuni. Hakuyafunga, wala hakuyatoa nguo.

*

Ssemakula aliitwa Kampala kushika cheo wizarani. Alinunua suti ya kijivu, nzuri, lakini uoshaji vyombo ulikuwa umemkausha, ikamning'inia. Alijaribu fundi wa Kituruki wa Vällingby, akaona anachelewa. Ndipo akakumbuka ghorofa ya sita.

Hakuomba radhi. Aliingia akapanda juu ya kigoda sebuleni, akanyoosha mikono, kama mtu anayefanya hisani. Bethuel alijaza pini mdomoni, akapiga magoti, akaanza kukunja mguu wa kulia wa suruali. Babirye alikuwa kwenye kiti cha cherehani na koti la Eseza mapajani, anatafuta pa kuanzia.

"Mabega ulegeze kidogo," Ssemakula aliagiza. "Na hapa ndani, kushoto, uniwekee mfuko. Imara. Kipimo chake hiki." Akatoa kipande cha katoni kilichokatwa kwenye boksi la unga wa uji. Kilikuwa na mtutu na mpini.

Bethuel alikitazama. Mkono wake ukaachia suruali. Akainamisha kichwa, akafumba macho, pini zikiwa bado mdomoni.

Ssemakula akacheka. "Haya! Bi Harusi amekubali."

"Hajakubali," alisema Babirye.

"Umesemaje, nnyabo, mama yangu?"

"Huyo akinyamaza, hajakubali. Mimi nimelala naye miaka kumi na miwili, namjua. Mwalimu, vita si vilikwisha?"

"Vilikwisha kabisa."

"Mfuko huo wa nini?"

"Ni utaratibu tu. Kila mkubwa anapewa moja. Hali bado, unajua tena..."

"Kato yuko wapi?"

Ssemakula alirekebisha tai ambayo hakuwa ameivaa. "Kato yuko kazini. Vijana ndio nguzo."

"Na vizibao vyangu?"

"Viko salama."

"Salama wapi?"

"Chini hapa. Kwenye stoo yangu. Njia ya kuvipeleka ilikuwa haijapatikana, halafu mambo yakaenda kasi, nami..."

Babirye alikitazama kidole chake. Kucha mpya ilikuwa imeota imepinda, na ingebaki hivyo.

"Teremka kwenye kigoda changu," alisema.

"Suruali haijaisha! Mguu mmoja..."

"Ivue uiache, au nenda nayo hivyo hivyo."

Mtu anayekwenda kuwa mkubwa wizarani hawezi kuvua suruali mbele ya mke wa mtu. Ssemakula aliteremka, akachukua katoni yake na koti lake, akatoka. Dirishani Babirye alimwona akivuka uwanja kuelekea kituoni, mguu wa kulia umekunjwa juu ya kifundo, wa kushoto unafagia theluji, na kila hatua anaruka kidogo, maana pini zilikuwa za Bethuel na zilikuwa kali.

Nyuma yake Bethuel alitema pini kiganjani, moja moja. Neno lilikuwa limefika.

"Siwezi," aliuambia mlango.

"Amekwisha kuondoka," alisema Babirye. Alimtupia koti la Eseza likampiga kifuani. "Limefumuka kwapani. Tunga uzi."

Bethuel alisogea kwenye mashine, akautunga.

"Na usidhani nimekusamehe," alisema Babirye, akijipenyeza kukaa. "Siku nyingine useme mapema, na useme kwa mdomo. Mimi si mkalimani wako."